Bomba Kwenye Kidole cha Mwisho

BESI: Haloo? Nani mwenzangu?

SEREMALA: Mimi, shemeji. Usikate.

BESI: Aa, shemeji! Habari za hapo? Dada yangu hajambo?

SEREMALA: Hajambo. Amehamia chumba cha watoto, anasema kelele zangu zinamtoa roho. Hebu sikiliza hii— [mlio mrefu, mchungu] —Umesikia?

BESI: Huyo paka amefanywa nini?

SEREMALA: Usinitanie! Gitaa liko mapajani tangu asubuhi, karakana nimefunga. Jumamosi harusi. Nikikosa kiti changu cha gitaa kwenye bendi yetu, shemeji, mimi nimekwisha.

BESI: Lakini msumeno umekukata vidole viwili, hata kidonda hakija—

SEREMALA: Vilivyobaki vinatosha! Si wewe uliyesema kuna watu wanapiga gitaa kwa kutelezesha bomba juu ya nyuzi? Nimekata bomba la maji, nimelipiga msasa, nimelivaa kwenye kidole cha mwisho.

BESI: Nilisema vile ulipolazwa, shemeji. Nilitaka ucheke.

SEREMALA: Basi sikucheka. Nifundishe.

BESI: Haya. Nyuzi umeziinua?

SEREMALA: Nimechonga kijiti, nimekichomeka chini yake. Hiyo si kazi yangu?

BESI: Na bomba unaliweka wapi?

SEREMALA: Palepale nilipokuwa naweka kidole. Katikati ya chuma na chuma, hapa shingoni mwa gitaa. Nakandamiza kwelikweli.

BESI: Lo! Hayo mazoea ya vidole ndiyo yanayokuponza. Bomba linakaa juu ya chuma chenyewe, sawasawa. Na usikandamize, gusa tu uzi—

SEREMALA: Nikigusa linakwaruza!

BESI: Kidole cha pete kilaze nyuma yake, kizime makelele— haloo? Unasikika kwa mbali—

SEREMALA: Hakilali! Kinajiinua chenyewe. Hakinisikii, shemeji. [mlio unapanda, unakatika] Mungu wangu! Miaka yote ile, leo hata mtoto anayeanza ana nafuu kuliko mimi.

BESI: Umekula lakini?

SEREMALA: Nimetaja Jumamosi umekwepa, sasa unaniuliza habari za kula. Kwa nini?

BESI: Ah, mtandao huu—

SEREMALA: Mtandao uko sawa. Kiti changu wamempa nani?

BESI: Haloo? Sikusikii vizuri—

SEREMALA: Shemeji. Wamempa nani?

BESI: Mimi.

SEREMALA: Wewe?

BESI: Besi yangu itapigwa na mwingine. Nilikataa, haki ya Mungu nilikataa! Kiongozi wa bendi akasema nisipokubali analeta mtu wa nje, na huyo akishakaa hatoki tena.

SEREMALA: Kumbe ulikuwa unanibembeleza tu. Unanifundisha ili ninyamaze.

BESI: Siyo hivyo, jamani—

SEREMALA: Ule mwanzo wa wimbo wa maharusi utaupigaje?

BESI: ...Sijui. Nimejaribu, hautoki.

SEREMALA: Hautoki kwa sababu una pupa. Unaanzia chini, unapanda taratibu, unamngoja bibi harusi afike mlangoni. Hivi. [uzi mmoja unalia, unapanda, unatulia] Hapo unamngoja. Mpe nafasi, viatu vinambana yule. Halafu ndiyo unashuka naye. [unashuka, safi]

BESI: Shemeji.

SEREMALA: Nini?

BESI: Hiyo umepiga na bomba?

SEREMALA: Nina kingine? ...Imetoka?

BESI: Imetoka. Nywele zimenisimama.

SEREMALA: Basi mwambie Kiongozi!

BESI: Ameshaamua, shemeji. Hata shati lako la sare limeshapunguzwa mikono linitoshe mimi, liko hapa kitandani kwangu.

SEREMALA: Nakuomba! Nikimwambia mimi atanionea huruma tu. Mwambie wewe— ee, salio linakata— mwambie umesikia kwa masikio ya— haloo? Shemeji? Haloo!