Honi ya Kona ya Makaburi

Benchi la Ma Titine liko pale ambapo barabara ya Morne Vetiver inachoka kupanda, ubavuni mwa duka lake la ramu na mkate. Kila asubuhi, kabla jua halijavuka mlima, wazee watatu hulikalia wakinywa kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Hilton Cuffy huitwa Redio, kwa kuwa habari humfikia kabla hazijatokea. Alford Bannis huitwa Mwanasheria. Aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, kesi moja tu, na akailalia. Wa tatu ni Ignatius Royer, ambaye kijiji kizima kinamwita Gia Mbili, maana pikapu yake haijapata kuonekana kwenye gia ya tatu. Jumanne hii alikuwa hajagusa kahawa yake. Kanuni mpya inasema aliyevuka miaka sabini apimwe upya barabarani ndipo apewe leseni, na mtahini alikuwa anakuja siku hiyo kutoka mji mkuu, Roseau. Bila leseni, magimbi ya Royer yangeozea shambani, kwani mabasi huishia dukani, hayafiki kule juu.

— Kuendesha si kitu, alisema Redio. Balaa ni honi. Siku hizi ni pointi, kaka. Ukipiga honi bila sababu, wanakukata. Zikiisha, unatembea.

— Bila sababu maana yake nini? aliuliza Royer.

— Hapo niulizwe mimi, alidakia Mwanasheria. Debe tupu haliachi kuvuma. Sheria imekusudia hilo hasa: gari tupu lisipige honi. Likiwa na mzigo, ruksa.

— We Alford, hiyo sheria umeisomea wapi? Usingizini? aliuliza Redio.

— Afadhali mimi nililala mahakamani. Wewe ulilala wapi?

Ma Titine alicheka, akawaongezea kahawa.

— Nisikilizeni mimi, alisema Redio, akishusha sauti kana kwamba mlima una masikio. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kule kwenye ziwa linalochemka wameweka vyombo vya kusikiliza volkano. Gia Mbili akipiga honi, sindano inaruka, wakubwa wanatafuta viatu.

— Kumbe volkano ni mimi?

— Kwa honi ile, bwana, umepungukiwa moshi tu.

— Uongo mtupu, alisema Mwanasheria. Ni kasuku. Kasuku wamejifunza honi. Anakaa mtini kwenye kona, anapiga pii-pii, dereva anasimama nusu saa kumpisha ndege. Sasa serikali itamnyang'anya kasuku leseni? Ndege huyo yuko kwenye bendera ya nchi! Basi inatunyang'anya sisi. Mfinyanzi hulia gaeni.

— Hiyo methali imeingiaje hapo, Alford?

— Kwa mlango, Ma Titine, kama wateja wengine.

Royer alicheka nao, lakini kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Ma Titine alikiona.

— Mimi sina wasiwasi na kasuku, alisema. Nina wasiwasi na ile kona ya makaburi. Pale hupigi moja, Ignatius. Unapiga mbili.

Magari mawili hayapishani kwenye kona ile, na dereva asiyepiga honi ni mwendawazimu. Hiyo ndiyo ya kwanza. Lakini juu ya kona, nyuma ya ukuta mweupe, amelala Clementia, mkewe Royer, na tangu azikwe hajapitwa bila salamu.

Redio alikohoa.

— Leo piga moja, kaka. Moja tu. Upate karatasi yako.

— Nyingine utaipiga kesho, alisema Mwanasheria. Za kesho hazina pointi.

Walikuwa hawajamwona mwanamke aliyeshuka kwenye basi dogo na kukaa mwisho wa benchi, mkoba magotini. Kijana, viatu vya chini, mwavuli. Redio alijua mara moja kuwa ni nesi mpya wa zahanati.

— Karibu, nesi. Ma Titine, mpe mwanetu kahawa.

— Asante, baba. Mimi ni Inspekta Valmond, wa leseni. Mzee Royer ni yupi?

Royer alisimama, akavua kofia.

— Nimesikia habari ya honi mbili, alisema Inspekta. Ya kona naielewa. Ya pili ni ya nini?

Redio hakuwa na habari. Mwanasheria alichungulia ndani ya kikombe chake kama aliyedondosha kitu. Ma Titine alikwenda kuangalia mkate ambao ulikwisha kuiva.

— Haya, alisema Inspekta. Twende.

Royer aliendesha vizuri. Alishika kushoto, alitazama vioo, alipunguza mwendo mbele ya shule. Kona ilipoanza kujikunja alipiga ya kwanza, akasikiliza. Chini hakukuwa na wa kujibu. Njia ilikuwa nyeupe. Kidole gumba kilibaki pale pale. Angeweza kupita. Benchi zima lilimsihi apite. Ukuta mweupe ulianza kurudi nyuma dirishani kwake, polepole, kwa mwendo wa gia ya pili.

Akapiga.

— Hiyo? aliuliza Inspekta Valmond.

— Hiyo haina sababu, Inspekta. Ina jina.

— Jina gani?

— Clementia Royer, aliyezaliwa kwa kina Prosper. Si Clementina. Watu hukosea.

Akasikia kalamu ikiandika. Hakugeuka kutazama, macho yake yalikuwa barabarani, inavyotakiwa.

— Utageuzia pale darajani, alisema Inspekta. Na tukirudi, mzee, kona ni ile ile, na jina ni lile lile.