Mwalimu Tekla na Wimbo wa Vidole Vitano

Wapendwa waombolezaji, wazee wetu wa Idodi, na ninyi mliopanda lori kutoka Usangu kuja kutushika mkono, familia imemtuma Joachim, kitinda mimba wa nyumba hii, awasomee maisha ya dada yetu, nayo yatasomwa yote, pamoja na yale ambayo mwenyewe angetaka yarukwe.

Marehemu Tekla Kalinga alizaliwa hapa Idodi tarehe 14 Machi 1942, mtoto wa pili wa mzee Abrahamu Kalinga na mama Juliana, na mama husema alianza kuimba kabla hajatembea, jambo ambalo sisi tuliolala naye chumba kimoja hatulibishi. Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1957, akahitimu ualimu mwaka 1960, na Januari iliyofuata akaanza kazi Nyololo, ambako alipewa watoto wadogo kuliko wote kwa kuwa walimu wengine waliwakimbia. Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa na bwana shamba Edmund Asukile, wakajaliwa watoto wawili, Matilda na Philbert.

Mwaka 1973 shemeji alihamishiwa Usangu, mkoani Mbeya, na dada akafungua darasa la chekechea katika kijiji ambamo Wasangu, Wahehe na wafugaji Wasukuma waliotoka kaskazini waliishi jirani, lakini watoto wao hawakuelewana lugha, hivyo Kiswahili akawaingizia kwa nyimbo. Alasiri moja ya kiangazi mwaka 1974 alipita karibu na boma la wafugaji, akasikia wanawake wakiimba kwa vicheko na kunyunyiziana maji, akadhani ni furaha ya mavuno, akaubeba ule wimbo hadi darasani na kuutilia maneno yake: gumba amechota maji, shahada amekoka moto, wa kati amesonga ugali, wa pete amenawa, kidogo amesinzia.

Watoto waliupenda mno, wakauimba njia nzima hadi nyumbani, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa maana ule haukuwa wimbo wa mavuno, ulikuwa wimbo wa mapacha, ambao kwa wenzetu Wasukuma huimbwa na watu wake, kwa siku yake, na hauchezewi. Miongoni mwa watoto alikuwamo Shija, jina apewalo mtoto anayewafuata mapacha, na mapacha waliomtangulia walikuwa wamekufa. Mama yake, Regina, mke wa Nkuba, alifika mlangoni mwa darasa, akasema mbele ya wote, "Mwalimu, huo wimbo tuliwaimbia wanangu, wamelala kule nyuma ya zizi, leo wewe unahesabia vidole?" Akamshika Shija mkono, wakaondoka, na kesho yake hakuna mtoto hata mmoja wa wafugaji aliyekanyaga darasani.

Dada alikwenda kuomba radhi, akarudi na macho mekundu, akaenda tena na wazee, akapokewa kwa heshima na kupewa maziwa, lakini watoto hawakurudi. Iliuma sana. Tangu siku ile hakuimba tena, akawafundisha waliobaki mashairi yao kwa kusema na kupiga makofi tu, na hata wanawe nyumbani walikua bila kusikia sauti yake, nasi tulipomsihi alijibu kwamba atakayemfungua mdomo ni yule aliyeufunga.

Mwaka 1977 uvimbe ulimtokea kooni, akatibiwa Mbeya, kisha Iringa, na kufikia Mei mwaka huu sauti ilikuwa imekwisha kabisa, akawa anauguzwa Mlandege, pale pale Iringa mjini, nyumbani kwa Joachim. Mwishoni mwa Julai alikuja Regina, pamoja na Shija, sasa kijana wa miaka kumi, akaketi kitandani akamwambia, "Mwalimu, nilikaa na hasira mpaka nikaizoea. Imba, mama, nimekuruhusu." Dada alifungua mdomo, isitoke hata pumzi ya wimbo. Ndipo Regina alipomgusa mwanawe begani, na Shija akauimba wote, gumba hadi kidogo, huku dada akikunja vidole vyake kimoja kimoja na machozi yakimtiririka, na kama yalikuwa ya faraja au ya miaka iliyopotea, sisi hatujui, wala hatutajidai kujua.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1979, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Mlandege waliotupikia na kukesha nasi, walimu wenzake wa Nyololo na Usangu, na familia ya mzee Nkuba. Watoto wa darasa lake walikuwa wamejiandaa kulisema shairi lile la vidole kwa makofi kama alivyowazoesha, lakini Regina ameomba liimbwe, na ataanza yeye.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, wewe kunja vidole tu, kuimba tutaimba sisi.