Njia ya Nephtali Likunde, kutoka Lomami hadi milima ya Lubero

(Imeandikwa na mkewe, inasomwa na mdogo wake, Josué.)

Ndugu, majirani wa mtaa wetu wa Mangobo, wenzake wa kazi: tunayemsindikiza leo ni Nephtali Likunde Bolima. Tangu msiba uanze, watu wamesema mengi mema juu yake, na familia inashukuru. Lakini uani kumenong'onwa pia kwamba amekwenda bila kuacha mtoto, na kwamba hapa kaburini atafutwe mpwa wa kusimama mahali pa mtoto. Wasifu huu utaeleza mambo yalivyokuwa, ili asiwepo mtu wa kurudi nyumbani na shaka.

Nephtali alizaliwa Opala tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa Papa Bolima na Mama Pétronille, ambao wote wametangulia. Alijua kupiga kasia kabla ya kujua kusoma. Mama yake alipenda kusimulia kwamba huyu ukimtuma chumvi ng'ambo ya mto Lomami, atarudi na chumvi kavu hata kama yeye mwenyewe amelowa mpaka masikio.

Shule ya msingi aliisoma palepale Opala. Mwaka 1987 alipanda baleinière, ile mashua kubwa ya mizigo, akaja Kisangani kwa shangazi yake, Tantine Augustine. Tantine hakuwa amezaa. Alimlisha, alimvalisha, alimlipia shule, na mtu akiuliza huyu ni wa nani, alijibu, "Wangu." Kwake ndipo Nephtali alipopatia diploma ya umeme, mwaka 1996.

Mwaka 1999 aliajiriwa kwenye mtambo wa umeme wa maporomoko ya Tshopo, akafanya kazi huko mpaka nguvu zilipomwishia. Mangobo walimwita Tonton Courant, yaani Mjomba Umeme. Umeme ukikatika na mishumaa ikiwashwa, walimsimamisha barabarani kana kwamba maji ya Tshopo yako mfukoni mwake.

"Tonton Courant, leo tena tutakula na bougie?"

"Kuleni tu. Musiangaliane sura, chakula itakuwa tamu."

Tarehe 12 Agosti 2000 alimwoa Adèle Kavira, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani na mwalimu wa jiografia, binti wa Papa Basile wa Masereka, huko milimani Lubero. Ilikuwa ndoa kamili, mbele ya Serikali, mbele ya kanisa na mbele ya familia mbili. Miaka ikapita, mtoto hakuja. Madaktari walisema waliyosema, na hayo yamebaki kati ya watu wawili.

Aprili 2011 habari mbaya ilifika kutoka Masereka: Félicité, mdogo wake Adèle, ambaye alikuwa tayari mjane, amefariki baada ya kujifungua mtoto wa kike. Mwezi uliofuata Tantine Augustine alikuja Mangobo, akakaa uani, akakataa hata maji kabla ya kutoa neno lake.

"Nephtali, nyumba bila mutoto ni nyumba gani? Tafuta mwingine. Ule bibi yako, umurudishe kwao na heshima."

Nephtali alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia, Tantine. Kwenye vakanse nitaenda kuona papa yake."

Adèle alikuwa jikoni, na alisikia. Katika familia ile, mume aliyekwisha kuambiwa maneno kama hayo, akienda kwa baba mkwe pamoja na mkewe, huwa anamrudisha. Adèle hakulia wala hakuuliza. Alipiga pasi nguo zake zote, akazipanga kwenye sanduku. Majirani wakaja kumuaga kwa sauti za msibani.

Waliondoka Julai, likizo ilipoanza, kwa gari lake Nephtali. Lilikuwa gari lake mwenyewe, Toyota kuukuu, si gari la kazi kama wengine walivyopenda kusema. Walipita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, msitu kushoto na msitu kulia. Nephtali aliimba. Adèle, ambaye maisha yake yote aliwaonyesha wanafunzi milima kwenye ramani, alitazama dirishani hadi Beni.

Baada ya Butembo nchi ikainuka. Ukungu ulikaa mabondeni, mashamba ya viazi yalipanda mpaka yakagusa mawingu, na Nephtali akavaa makoti mawili. Huyu alikuwa mtu wa maji. Hakuwa amewahi kuendesha mahali ambapo ardhi inasimama. Kwenye mteremko mkubwa wa kwanza, Adèle alisikia mngurumo wa injini umepungua, gia imetolewa, na gari linakimbia.

"Nephtali, umetosha vitesse?"

"Mulima iko inatushusha yenyewe. Mayi ikikushusha, kwa nini upige kasia?"

"Hapa haiko Lomami! Rudisha vitesse!"

Breki zilishika, zikanuka, zikaacha kushika. Nephtali, kwa akili ile ile ya mtoni, aligeuza pua ya gari kando, kama mtu anayetafuta ukingo, wakasimama katikati ya viazi vya watu. Hakuna aliyeumia. Mwanamke aliyekuwa akilima aliegemea jembe lake, akamwambia Adèle, "Mama, bwana yako anatoka kwa mayi? Mwambie hapa tunashukaka, hatuogelee."

Adèle alicheka mpaka akakaa chini, na alipokwisha kukaa chini akalia. Ndipo alipouliza.

"Unanirudisha kwetu?"

Nephtali alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Kisha alifungua nyuma ya gari: samaki wa kukaushwa vikapu vitatu, madumu ya mafuta ya mawese, vitenge vya mama mkwe.

"Mutu ya kurudisha mwanamuke anaendaka mikono mitupu. Weye mwalimu, hukuona haya yote?"

"Sasa tunaenda kufanya nini?"

"Kuomba."

"Kuomba nini?"

"Acha kwanza breki ipoe."

Hakutaka kusema, kwa sababu kama baba mkwe angekataa, Adèle angeumia mara ya pili. Masereka waliomboleza kwanza kwa ajili ya Félicité. Kesho yake Nephtali aliketi mbele ya Papa Basile.

"Mukwe wangu," alisema mzee, "binti nilishakupa. Unafuata nini tena?"

"Papa, nimekuja kuomba mara ya pili. Niko naomba mutoto ya Félicité."

"Huko kwenu watamuita nani? Mugeni?"

"Mutoto yangu. Kama wewe hutaki aitwe vile, nitamuacha hapa, na sitakukasirikia."

Papa Basile aliwaita ndugu wote wa ukoo, na mbele yao mama mkwe alimtoa mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa Nephtali, si mwa Adèle. Nephtali alimpa jina Benie. Njia ya kurudi alishuka kila mteremko na vitesse ya kwanza, na malori yakampigia honi mpaka Beni.

Tantine Augustine aliwapokea mlangoni.

"Huyu mutoto ya nani?"

"Yangu."

"Yako namna gani?"

"Tantine, mimi niko mutoto ya nani?"

Tantine alifungua kitenge chake. "Lete hapa. Hamujue hata kushika mutoto." Na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua Nephtali. Alivumilia bila kununa. Benie, ambaye sasa anasoma umeme kama baba yake, alimpelekea uji hospitalini kabla ya masomo, na daftari la mazoezi ya umeme ili wayafanye pamoja.

"Papa, hapa umekosea. Hii ni parallèle, nyaya ziko sambamba."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Basi mwalimu wako alikuwa mzuri."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, asubuhi, mkono mmoja ukiwa kwa mkewe na mwingine kwa mtoto wake.

Wa Masereka hawakuweza kufika, vita imefunga barabara. Wanalia pamoja nasi kwa simu. Nephtali ameacha Tantine Augustine, aliyemlea. Josué, mdogo wake. Wapwa wengi aliowapenda, na ambao leo watabeba jeneza. Adèle, mjane wake. Na Benie Likunde, mtoto wake. Baada ya sala Benie ndiye atakayetupa udongo wa kwanza. Wengine wote, wakubwa kwa wadogo, tutamfuata.

Papa ya Benie, pumzika kwa amani.