Nani Kafuta Kwa Nalongo?

Ukishuka mteremko wa Kyebando, pale mtaro wa maji machafu unapokata barabara ya vumbi, kuna benchi refu la mbao lisilo na mwenyewe, na kila anayelikalia hujiona ndiye mwenyewe. Hapo Muhamadi huweka jiko lake la makaa na birika la kahawa ya tangawizi, na hapo bodaboda huwashusha watoto wa chekechea mchana, kila mtoto na mfuko wake mgongoni. Mahali hapo watu wamezoea kupaita Kwa Nalongo, kwa mama wa mapacha, ingawa hakuna hata mmoja pale benchini aliyewahi kumwona huyo Nalongo wala mapacha wake. Siku hiyo watoto wa akina mama wengine walikuwa wameshashushwa na kwenda zao, na Aryemo alikuwa bado amesimama, simu sikioni, kandambili mguu mmoja tu, maana alitoka nyumbani mbio akaacha maharage motoni, akili inamwambia rudi uzime jiko, miguu inakataa, kwa kuwa Babra wake wa miaka minne hakuwa miongoni mwa watoto walioshushwa.

— Bado haipatikani? Muhamadi akauliza.

— Bado, mzee Muhamadi. Inasema mteja hapatikani, napiga tena inasema hivyo hivyo.

— Otema kapotelea wapi?

— Si Otema leo! Otema kaanguka asubuhi na pikipiki, mguu umevimba. Mwalimu akaita boda mwingine kwa simu, akanipa namba yake. Ananiambia nnyabo, mama, usiogope, nimeandika Kwa Nalongo, simu imekubali, mtoto kaondoka zamani. Zamani, mzee Muhamadi! Na shule iko Bukoto hapo, mtu anatembea!

Mzee aliyekaa ncha ya benchi akashusha kikombe. Alikuwa Kidega, aliyestaafu jeshini akiwa sajini, lakini benchini wanamwita Kanali na yeye haitiki jina lingine.

— Wewe mama Babra, tulia. Hii ni operesheni. Nani ana hiyo ramani ya simu?

— Mimi iko nayo, afande, akasema Bonny.

Bonny hutengeneza simu katika kibanda kilicho ng'ambo ya barabara, na kwa vile hujua kila kitu kinachoshuka kutoka angani, jina lake ni Setilaiti. Akafungua ramani, akaivuta kwa vidole, akaikuza, akaipunguza, akaikuza tena. Aryemo akainama juu ya kioo.

— Nini? Setilaiti, nini?

— Kwa Nalongo haiko.

— Haiko vipi?

— Haiko, nnyabo. Hapa tulipo kuna barabara tu. Nyeupe. Haina jina.

— Tafuta tena!

— Natafuta. Kwa Nalongo inayotokea iko moja tu, kule... banange, kule Ggaba.

Ggaba. Upande wa pili wa jiji, kule samaki wanakoshushwa, kule ziwani. Aryemo hakuwaza samaki, aliwaza maji. Akaona maboti, akaona ule ukingo usio na uzio, akaona viatu vidogo vya Babra vya buluu ambavyo kamba zake hafungi vizuri hata umfundishe vipi, akakaa benchini bila kujua amekaa.

— Hiyo kazi ya watu wa ardhi, Kanali akasema papo hapo. Mimi najua. Kwanza wanafuta jina. Nyinyi raia mnalala. Baadaye anakuja mtu na hati, anasema hapa hapana watu, angalia ramani, ni nyeupe! Halafu tingatinga.

— Hapana, afande, hapana.

Aliyepinga alikuwa Jean-Pierre, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye havui koti na tai hata jua likichoma mabati, ndiyo maana akaitwa Waziri.

— Iko namna hii. Ile mashini ya ramani inasikiliza batu. Inasikia jina gani batu banasema mingi, njo inaandika ile. Sasa hapa kila mutu anasema yake. Mashini imechoka, imeacha.

— Waziri, mashini inachoka?

— Wewe Setilaiti hauchokake? Nayo inachoka.

— Haisikilizi, inaangalia miguu! Kanali akasema. Inahesabu nani anapita sana. Ndiyo sababu mimi kila asubuhi nazunguka hii kona na simu mfukoni.

Muhamadi akacheka.

— Kumbe! Tukadhani ni daktari kakwambia utembee kwa ajili ya presha.

— Presha gani? Hiyo ni doria!

— Wazee wangu, Aryemo akasema, na sauti yake ikapasuka katikati, mtoto wangu yuko na mwanamume nisiyemjua, nawaomba, miguu na mashini baadaye.

Aryemo akawageuzia mgongo. Akapiga tena. Mteja hapatikani. Akampigia mumewe, ambaye ni polisi, amepelekwa Moroto, naye hakupokea, pengine yuko kazini, na Aryemo akashukuru kidogo kwamba hakupokea, maana angemwambia nini? Kwamba mtoto kafutika kwenye simu?

— Lakini afande, Muhamadi akauliza polepole huku akipuliza makaa, unazunguka ili ramani iandike nini?

Kanali akaangalia kikombe chake.

— Si jambo baya. Kona ya Veterani. Wengi wetu hapa tulitumikia.

— Ulituma hilo jina kwenye ramani?

— Kijana wangu alinionyesha pa kubonyeza.

— Mungu wangu! Waziri akaruka, tai ikamrukia begani. Kumbe njo weye? Miye nilituma Bukavu Ndogo, ikakubaliwa, nikaita batu ya kanisa baione! Siku mbili, imefutika. Nikatuma tena. Inatoka. Nikasema kuko adui!

— Adui ni wewe, unaleta Bukavu Kyebando!

— Na wewe unaleta vita!

— Ngojeni, Aryemo akasema.

Alikuwa ameinuka. Alimtazama Bonny, ambaye peke yake hakuwa akigombana, ambaye alikuwa akikifuta kioo cha simu yake kwa ncha ya shati, anakifuta, anakifuta, na kioo kilikuwa safi.

— Setilaiti. Nawe ulituma?

— Nnyabo, kila mtu na biashara yake.

— Ulituma nini?

— Setilaiti Corner. Wateja wananipotea, wanaenda kwa yule wa juu.

— Na Kwa Nalongo? Nani alisema Kwa Nalongo itoke?

— Majina mawili hayawezi kukaa sehemu moja, simu inauliza, hii ya zamani bado ipo? Unabonyeza hapana. Lakini hapana ya mtu mmoja haitoshi, wanataka watu wengi. Kwa hiyo...

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo simu za wateja. Ikija kutengenezwa, nikishamaliza, najaribu kama intaneti inafanya kazi. Nabonyeza tu. Najaribu.

Aryemo akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwake. Wiki iliyopita ilikuwa haichaji. Alimwachia Bonny asubuhi, akairudia jioni, akamshukuru, tena akamletea maandazi.

— Hata hii yangu?

Bonny akaitia simu yake mfukoni.

— Bonny! Hata hii?

— Hata hiyo, bambi. Nisamehe, mama Babra.

Akataka kumpiga. Mkono ulinyanyuka wenyewe, na ungeshuka, kama simu isingelia mle mle mkononi. Namba asiyoijua. Akaibonyeza vibaya, ikakatika, akapiga yowe dogo kama aliyechomwa, ikalia tena.

— Haloo! Haloo, nani?

— Mama wa mtoto? Mimi boda. Simu yangu ilizima, nimeazima hii, namba yako nimeikuta kwenye mfuko wa mtoto. Nimefika Kwa Nalongo, nauliza, hakuna mtu anamjua mtoto. Wewe uko sehemu gani?

— Mtoto yuko wapi? Mpe simu! Mpe!

Kelele za soko, mtu anataja bei ya sangara, halafu pumzi ndogo karibu kabisa na sikio.

— Babra? Babra, mama yuko hapa.

— Mama, hapa kuna maji mengi.

Muhamadi akamshika kiwiko.

— Usiende kwenye maji, umesikia? Shika shati la mjomba wa pikipiki. Lishike kwa nguvu, usiliachie. Mrudishie simu.

— Nnyabo, boda akasema, nitajie jina la hapo, niandike, nije.

Hapo wanaume wote watatu wakaiparamia simu.

— Mwambie Kona ya Veterani!

— Bukavu Ndogo! Andika Bukavu!

— Ssebo, tafuta Setilaiti Corner, yenye C!

— Inasema haipo, sauti ya boda ikarudi. Ile ya kwanza nayo haipo. Hii ya tatu inanipeleka Entebbe. Nnyabo, mko Kampala kweli?

Aryemo akawasukuma wote kwa kiwiko. Kitu fulani kikamtulia kichwani, si kwamba woga uliisha, ila ulipata kazi ya kufanya. Akakumbuka mama yake alivyokuwa akifanya mgeni akipotea njia.

— Baba, hiyo simu umeazima kwa nani?

— Kwa mama mmoja anauza samaki.

— Mpe huyo mama. Tafadhali, mpe.

— Wangi? ikaitika sauti nzito ya mwanamke.

— Mama, samahani, mimi sikujui. Huyo mtoto wa sweta ya njano ni wangu.

— Namwona. Kakaa kwenye ndoo yangu, nimempa kipande cha mhogo. Usilie, tuko wengi hapa, haendi popote. Kwenu ni wapi?

Na Aryemo akaanza kueleza, maneno yanakanyagana. Waje mpaka Kalerwe, wapande Kyebando, waulize msikiti wenye bati la kijani, kila mtu anaujua, hapo wasiingie kulia, wengi huingia kulia wakapotea, washuke na mtaro mpaka wasikie kinu cha unga. Akatulia avute pumzi.

— Halafu? akauliza mwanamke.

Baada ya kinu kulikuwa na njia nyingi zinazofanana, zote vumbi, zote mabati. Aryemo akageuka huku na huku. Macho yake yakaishia kwa Waziri.

— Halafu mwambie aone mzee wa koti na tai nyekundu, amesimama katikati ya barabara.

— Katikati ya barabara? Waziri akauliza.

— Katikati, baba Jean-Pierre. Na mzee Kidega kule juu kinuni. Na wewe Bonny nenda msikitini, na akikupita nisikuone tena hapa.

Hakuna aliyebisha. Kanali alipanda mteremko na fimbo yake bila kuzungumzia presha. Bonny alikimbia akaacha kibanda wazi, simu za watu mezani. Waziri akajisimamisha barabarani, akanyoosha tai juu ya tumbo ili ionekane vizuri, lori la matofali likampigia honi, dereva akamtukana kwa Kiganda, naye akabaki palepale kama nguzo.

Kutoka Ggaba, kupitia mjini, na foleni ile. Aryemo hakukaa. Kila pikipiki iliyonguruma juu ilikuwa ni hiyo, na ikikata kona akaona ni magunia ya mkaa, au mapadri wawili, au kuku. Akawaza huyo mwanamke wa samaki, kama kweli aliwapandisha salama. Akawaza kama boda ana helmeti ya mtoto, na alijua hana. Muhamadi akamwekea kahawa mkononi, na akaishika mpaka ikapoa, hakuinywa.

Kisha akasikia fimbo ya Kanali ikigonga bati kule juu, na sauti yake ya gwaride:

— Anakuja! Mwenye njano! Anakuja!

Boda alikuwa mzee kuliko alivyomdhania, ndevu nyeupe, macho mekundu kwa vumbi. Babra alikuwa mbele yake juu ya tangi, vidole vyote kumi vimekamata shati lake, kama alivyoagizwa, na hata pikipiki iliposimama hakuachia. Ilibidi Aryemo avifungue vidole kimoja kimoja. Mtoto alinuka samaki. Kiatu kimoja hakipo. Aryemo akamweka shingoni mwake.

— Nisamehe, nnyabo, boda akasema. Nimemuuliza njia nzima, mwanangu, kwenu panaitwaje? Anasema kwa mama. Namuuliza tena, kwa mama. Sasa hilo nitaandika wapi?

Akatoa simu yake iliyozima, akamwomba Muhamadi kalamu, akafunua kiganja chake kama ukurasa.

— Niambieni, nisipotee siku nyingine. Hapa panaitwaje?

Kanali alikuwa amekwishashuka, anahema. Waziri alikuwa anapangusa vumbi kwenye koti. Bonny alisimama mbali kidogo, karibu na mtaro. Kanali akafungua mdomo, akaufunga. Waziri akatazama angani. Hata Kwa Nalongo haikutamkwa, maana nani angeitamka baada ya kuifuta wenyewe? Muhamadi akainamisha birika ili angalau ampe mgeni kikombe, yakatoka mashapo tu.

Boda akangoja, kalamu juu ya kiganja. Kisha akaichomeka nyuma ya sikio, akawasha pikipiki.

Aryemo akafungua leso kiunoni, akambeba Babra mgongoni kama kitoto kichanga, mtoto wa miaka minne, miguu inaning'inia hadi magotini kwake, akafunga fundo, akalifunga tena juu ya lile la kwanza. Kesho wataenda shule kwa miguu, na kesho kutwa pia. Harufu ya maharage yaliyoungua ilikuwa imeshafika mpaka barabarani, akaifuata.

Hajafika mbali akasikia nyuma yake sauti ya Bonny, ya chini, ya kubembeleza:

— Afande, mimi naona, sisi watatu tukikubaliana jina moja...

— Moja ipi? Kanali akauliza.

Aryemo akaongeza mwendo.