Matanga Yangu Yasiende Keshero

Sogeeni, watoto wangu, maana sauti yangu imekuwa ndogo na sitaki kurudilia neno. Philomène, kaa hapa kwa kichwa cha kitanda, wewe ndiwe mukubwa. Fiston, funga mulango, majirani watasikia ya kwao. Jeancy, shika telefone vizuri, uigeuzie kwangu, dada yako aone kama baba yake angali na meno. Héritière, unanisikia huko Canada? Sema ndiyo, halafu nyamaza, na usilie, machozi yanakula mega za intaneti. Na wewe Annonciata, mama ya hawa, acha kukunja mashuka, ukae chini kidogo.

Nianze na vitu, maana vitu ni vyepesi. Hii parcelle ya Majengo, kiwanja na nyumba yake, ni ya mama yenu mpaka siku Mungu atakapomuita, na asitokee mutoto wa kumuambia ahamie kwake ili nyumba ipangishwe. Duka la Birere, lile la vipuri vya pikipiki, ni la Fiston, kwa sababu ndiye aliyekubali kuchafua mikono. Shamba la kahawa kule Butembo ni la Philomène na Héritière, na mutu akisema binti harithi shamba, mumuambie mimi Sikuli, baba yenu, nilisema hivyo nikiwa na akili zangu zote. Jeancy, wewe kitinda mimba, unachukua mashini. Ndiyo, ile ordinateur, kompyuta yangu. Fiston, usicheke. Najua imezeeka, najua inapiga kelele kama kinu cha kusaga mihogo, lakini hiyo ndiyo nimewaitia, kwa sababu matanga yangu yanatokea humo humo, na mutaelewa mukinisikiliza mpaka mwisho.

Mashini ile niliinunua kwa shirika moja lililofunga ofisi yake hapa Goma likauza meza, viti, hata mapazia. Fiston alipoleta zile telefone za occasion, zilizokwisha kutumika, kutoka Kampala, zote za namna moja, nilivaa miwani nikajifunza peke yangu, hakuna aliyenifundisha. Ndani ya mashini kulikuwa na programu ya kuhudumia hizo telefone, nayo ilikuwa na ukurasa wa aplikasyo, zile programu ndogo ndogo za telefone. Ukichomeka telefone kwa kamba, aplikasyo zote zinajipanga kwenye kioo kikubwa, nawe unaongeza, unatoa, unahamisha, kama mutu anayepanga bidhaa kwenye etajeri ya duka. Niliyoishusha kutoka intaneti mara moja ilikaa ndani ya mashini, na kila mumoja wenu aliipata bila kununua mega nyingine. Nani hapa Majengo alikuwa na kitu kama hicho? Siku ya Mungu, mukitoka misa, munaketi kwenye banki, lile benchi la mbao, kila mutu na telefone yake mapajani, munangoja zamu kama kwa muganga wa meno, mama yenu anapika mboga ya sombe na samaki sambaza, nami ninaita: anayefuata!

Sasa niwaambie. Mimi sikupenda aplikasyo hata moja. Nilipenda kuwajua. Mutoto akikua hamuambii baba yake kitu, anasema "niko bien, papa", basi, imeisha. Lakini telefone ikilala kwenye kamba yangu inasema yote. Philomène, niliona umeweka ile ya kuhesabu majuma ya mimba, nikajua mujukuu anakuja kabla bwana yako hajajua. Nilimuambia tu mama yenu akuongezee samaki. Héritière, wewe niliona umeweka ya kujifunza Kiingereza, nikajua utaondoka, nikaanza kuzoea mapema, na ndiyo sababu siku ya kukusindikiza sikulia mbele za watu.

Kila mara mashini iliniuliza kama inaweza kufanya mise à jour, ijifanye mupya, nami nikabonyeza "Plus tard", yaani baadaye. Ilikuwa nzuri vile ilivyokuwa, kwa nini iwe mupya? Ndipo Jeancy akaomba kuipeleka Keshero, kwa papa mudogo wenu Laurent, ashushe nyimbo za korali. Laurent ni mudogo wangu wa tumbo moja. Mimi ndiye nilimutoa Butembo akiwa hajui hata kuvuka barabara, akalala chumba kile ambamo leo munaweka viatu. Sasa ana nyumba karibu na ziwa, ana majani ya kukata kwa mashini, ana wifi. Jeancy, ulisema ukweli na sikukupiga, nasema tena ili wote wajue: kioo kiliuliza, ulitaka kubonyeza "Plus tard" kama nilivyokufundisha, na Laurent akasema, "Mutoto, unachelewesha ya nini? Hapa koneksyo ni ya bure, acha ikunywe." Ikakunywa. Ikarudi hapa ukurasa wa aplikasyo hauko.

Niliutafuta, watoto wangu. Nilichomeka telefone, picha ziko, miziki iko, ukurasa hapana. Nilizima, nikawasha. Nilisema Baba Yetu, nikawasha tena. Fiston akanisomea kwamba wenye programu waliuondoa kwa makusudi, eti tangu sasa kila telefone itajitafutia yenyewe. Nani aliwaomba? Mutu amekaa huko mbali, Majengo hajawahi kuisikia, anaamka asubuhi anabomoa chumba ndani ya nyumba yangu na kusema amenitengenezea.

Na nyinyi mukaendelea kuleta telefone. Ile iliniumiza zaidi. Munaketi kwenye banki, munanipa mumoja mumoja, mimi ninachomeka, ninaangalia picha za harusi ya watu, ninasema "iko sawa, anayefuata", na wote tunajua hakuna ninachofanya. Mulinihurumia kama mutoto anayeendesha gari la miti. Halafu ikaanza ile: "Papa, tunafika kwa papa mudogo dakika kidogo, tunashusha kitu, tunarudi." Mama yenu anafunika sahani. Bugali unapoa. Munarudi jioni mumeshiba, munanukia nyama ya kuchoma ya Laurent.

Ndiyo, ni wivu. Acha tuuite kwa jina lake. Padri alipokuja kuniungamisha nilimuambia yote isipokuwa huo, kwa sababu angeniambia niuache, na mimi nilikuwa siko tayari kuuacha. Nina wivu na nyumba yake, nina wivu na kile kisanduku cha wifi, chenye laini yake ndani na taa ndogo za kijani, kinachowaita watoto wangu kuliko mimi ninavyowaita. Fiston, jina la muchumba wako Joviale nililisikia kwa nani? Kwa Laurent, hapo mulangoni, alidhani nimeshajua. Nikajifanya ninajua. Nikacheka na kumupa mukono. Na Laurent siyo mubaya, hiyo ndiyo inanichosha. Angekuwa mubaya ningemuchukia nikapumzika.

Nipe maji, Philomène. Kidogo tu.

Sasa jambo lenyewe. Juzi mulidhani nimelala, mukaongea pale koridoo. Nilisikia. Philomène ulisema matanga yafanyike Keshero, kwa papa mudogo kuna uwanja, kuna mahali pa magari, na Fiston ukaongeza kuna wifi, Héritière ataona yote kwa video. Mukakubaliana upesi, kama watu wanaogawana mukate. Watoto wangu, nikiwa muzima mulikwenda kula kwake, nilinyamaza. Nikifa, na mimi munichukue munipeleke kwake? Niende kulala sebuleni mwa Laurent, watu waingie wakisifu madirisha yake?

Sikilizeni, na hili siyo ombi. Matanga ni hapa. Watu walie hapa, juu ya haya mawe meusi ya volkano niliyoyasawazisha kwa mikono yangu. Moto wa wanaume uwashwe hapo kwa mulango mukubwa, wamama wapikie nyuma. Viti vikipungua, mukaazime parokiani. Watu wakizidi, wakae barabarani, barabara siyo ya mutu. Jeneza likikataa kupita mulango huu, Fiston, toa fremu. Na mashini, Jeancy, usiiuze, na usimupe Laurent akutengenezee, hata akikuambia anajua mutu.

Nimechoka. Leteni vichwa, niwabariki wakati mukono ungali unanyanyuka. Philomène, uzae tena ukipenda, na watoto wako wakuambie mambo yao kwa mudomo. Fiston, uwe na duka lisilokosa watu, na muke asiyekuogopa. Jeancy, kichwa chako kimekuwa kikubwa, karibu kinishinde. Mungu akulinde na barabara, na haraka ya rafiki zako. Héritière...

Héritière? Jeancy, amekuwaje? Sura yake imeganda kwenye kioo, mudomo wazi. Sogea kwa dirisha. Juu zaidi. Bado? Mimi siwezi kubariki picha, anatakiwa asikie. Piga tena. Mega zimeisha, ao ni mvua? Piga, mutoto wangu, mimi sina muda wa kungoja sana.

Nani anagonga? Fungua, Fiston.

Ni Laurent. Amelowa namna hiyo... ametoka Keshero na pikipiki katika mvua hii? Na hapo chini ya koti ameficha nini? Amekichomoa kwake, kisanduku chote, na waya zake. Nani alimuita? Annonciata, usiangalie chini. Niliona ulivyoshika telefone yako tangu asubuhi.

Na nyinyi, shingo zote zimegeukia mulango. Hata leo.

Haya. Achomeke. Jeancy, chomoa mashini, mupe prizi yake ya umeme... Ile taa imewaka? Héritière, uko? Ninakuona, umekonda. Kichwa chako kiko mbali, lakini inamisha tu, inamisha kama vile niko hapo. Mungu akupe nyumba ya joto huko. Akupe mutu wa kusema naye Kinande. Urudi ukitaka, siyo kwa kuitwa. Umesikia yote? Sema umesikia... Basi. Asante.

Laurent, kaa. Siyo hapo, hapo ni pa Annonciata. Kaa kwa miguu yangu. Mupeni shuka kavu, anatetemeka. Usiseme kitu, mudogo wangu, ukisema kitu kizuri nitakasirika, na pumzi... imebaki kidogo.

Watoto. Mvua ikikatika atataka kurudi kwake. Najua adabu, mugeni anasindikizwa mpaka barabarani, mimi mwenyewe niliwafundisha. Leo musimusindikize. Aende peke yake. Nyinyi mubaki... mubaki hapa na mimi.