Bwana Aliniinua kwa Kifuniko cha Ndoo ya Chumvi

Bwana apewe sifa, watu wa Muheto! Hapana, amina hiyo ni ya watu wanaofikiria sufuria waliyoacha motoni. Tena: Bwana apewe sifa! Haya, sasa nasikia niko kanisani.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Esperance, wa ng'ombe, wa kule juu kilimani. Ninyi mnanijua. Wageni wetu waliotoka Buleusa hawanijui, basi nawaambia: nina miaka sitini na nane, nina goti moja zuri na moja baya, na nimekuja kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa kwenye kiti. Pasta ananitazama. Yeye alitaka niseme kwamba Bwana ameniponya goti. Pasta, hakuniponya! Linauma hata sasa ninavyosimama hapa. Siwezi kusema uongo mbele ya madhabahu ili mama wapige vigelegele. Mniache niseme alichofanya kweli, nacho si kidogo.

Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita, na goti hili lililokuwa linanisumbua tangu zamani likavimba mwaka uleule. Nina watoto wazuri, ndugu zangu, na taabu yangu ilianzia hapo. Watoto wabaya wangeniacha. Hawa wangu walikwenda soko la Kashebere wakaninunulia kiti cha plastiki chenye mikono, cha bluu, kikaletwa juu ya pikipiki kama bibi arusi. Wakakiweka mbele ya mlango. Nikichukua ndoo ya kukamulia: "Mama, ikala, kaa kwenye kiti." Nikishika fagio: "Mama, ikala." Nikisimama tu kunyoosha mgongo, mwanangu Innocent anatoka nyumbani mbio: "Mama, unatafuta nini? Sema tu, tutakuletea." Natafuta upepo, Innocent! Utaniletea upepo?

Na kinachonichoma ni hiki. Tulipokimbia vita mpaka Kashebere, kabla ya hicho kiti, mvua inanyesha na matope yanavuta viatu, nani alibeba mjukuu mgongoni? Mimi! Nani alitangulia mbele ya ng'ombe? Mimi! Siku ile hakuna hata mmoja aliyesema, "Mama, ikala." Tuliporudi na nyumba ikapata bati, ndipo wakagundua kwamba mimi ni mzee.

Mnajua mtu anayekaa siku nzima anakuwa nini? Anakuwa mbaya. Nilikuwa nahesabu makosa ya kila mtu anayepita njiani. Nilimtukana mke wa Innocent kwa sababu ya vile anavyosuuza vyombo vya maziwa, na vyombo vilikuwa safi! Nilikuwa nimekaa na hasira tumboni, sijui nimpe nani. Siku moja nikamwambia binti yangu Esperance kwamba nangoja kufa tu. Alilia sana. Kesho yake akaniletea mto wa kukalia. Mto, ndugu zangu! Nawaambia nakufa, wananiongezea ulaini wa kufia.

Basi Bwana akaona. Akamleta katika shule yetu ya sekondari mwalimu wa michezo, Mwalimu Patrice, kutoka Goma. Mwalimu alikuta taabu ya kila siku ya kilima chetu: mpira ukipigwa vibaya mara moja, unashuka hadi mtoni, na mchezo unageuka kuwa kazi ya kuutafuta. Yeye alikuwa na visahani sita vya plastiki, anaviita diski. Mchezo wenyewe anauita golfu ya diski. Akasimamisha nguzo tisa za mikaratusi kilimani, kila nguzo akaitundikia kitunga, na juu ya kitunga cheni kuukuu za pikipiki. Unasimama mbali, unatupa, unafuata, unatupa tena, mpaka diski igonge cheni na kuanguka kitungani. Anayetupa mara chache ndiye mshindi. Alituambia diski haibingiriki kama mpira. Uongo! Ikianguka kwa ubavu inabingirika hadi mtoni vilevile, na mtoni si karibu.

Nilikwenda kuangalia siku moja watoto wangu walipokuwa sokoni. Nilitembea na fimbo, polepole, nikisema moyoni naangalia tu halafu narudi. Vijana wanatupa kwa nguvu zote, diski inapotelea kwenye mikaratusi, wanatafuta nusu saa. Nikakasirika. Nikamwambia Mwalimu, "Hawa watoto wanachunga upepo. Nipe kimoja." Akanipa, nadhani kwa heshima tu, maana alicheka pembeni. Nilitupa hatua kumi hivi. Cheni zikalia!

Ndugu zangu, na mimi nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi.

Lakini diski ni sita na vijana ni ishirini. Nani atamwachia bibi kizee zamu? Walikuwa wananiambia, "Koko, bibi yetu, ngoja kidogo," na kidogo hicho hakiishi. Nikaona nitafanya mazoezi yangu mwenyewe huko malishoni, watoto wangu wakienda sokoni. Nikatafuta kitu cha duara, kigumu, chenye ukingo. Nikachukua kifuniko cha ndoo ya chumvi.

Wafugaji walioko humu ndani mmeanza kucheka. Chekeni tu! Mimi niliyezaliwa kati ya ng'ombe sikufikiria. Miaka kumi na zaidi, kila nilipotaka ng'ombe waje kulamba chumvi, nilikuwa nainua kifuniko hicho juu, nakigonga, nao wanakuja mbio kutoka bonde lote. Sasa nakirusha! Kifuniko kinapita hewani, na ng'ombe kumi na wanne wanakifuata nyuma, mikia juu. Siku za kwanza nilifurahi hata. Nikasema, ona, hawa wananirudishia kifuniko. Hawakukirudisha, walikisimamia tu wakingoja chumvi, lakini angalau nilijua kilipo.

Jirani yangu wa chini ni Papa Hangi. Yeye ni mkulima, baba zake walilima kilima hiki, naye ni shemasi, ana miaka sabini na mmoja. Kati ya malisho yangu na shamba lake pana ua wa miti. Siku moja niliona nimeshaiva. Nikasimama vizuri, nikazungusha kiuno kama Mwalimu alivyotufundisha, nikatupa kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Kitu kilipaa! Kikapanda, upepo wa Masisi ukakishika, kikapinda kushoto, kikavuka ua, kikaanguka katikati ya maharage ya Papa Hangi, maharage yaliyobakiza siku chache yang'olewe. Nikasema, "Ee Bwana." Nikageuka. Ng'ombe wote kumi na wanne walikuwa wamekiona.

Sitasimulia yote. Ua ulianguka. Papa Hangi alikuwa amesimama upande wa pili na jembe begani, anaangalia, mdomo wazi. Mimi niko juu, mkono wangu bado uko hewani. Hakuna la kuficha.

Jioni ile Innocent akaniambia, "Mama, hii mambo ya kutupa masahani imeisha leo. Watu wanasema umerogwa. Utavunjika mifupa, na sisi njo tutapata haya." Akanishika mkono, akanirudisha kwenye kiti, akaniwekea ule mto. Niliomba usiku mzima, na sikuomba vizuri. Nilimwambia Mungu, kama ni kiti, basi nichukue, nimechoka! Nilijua nikikaa mara hii sitasimama tena.

Wazee wa kanisa wakatuita hapa hapa, kwenye mabenchi haya. Mnajua desturi yetu: ng'ombe wakila shamba, aliyesababisha anakwenda kupanda upya kwa mkono wake, mwenye shamba akiona. Innocent akasimama kwa heshima zote.

"Papa Hangi, utuhurumie. Mama yangu iko muzee. Miye nitapanda pa nafasi yake."

Papa Hangi hakumtazama hata. Alinitazama mimi, na alikuwa na hasira kweli.

"Muzee? Na miye niko nini, mutoto ya shule? Kama ni ng'ombe tu, ningesema na weye. Lakini kifuniko, ni nani alikitupa? Ni yeye. Niliona na macho yangu. Basi njo yeye atapanda."

"Papa, magoti yake…"

"Aliniharibia maharagi na hayo magoti yake!"

Innocent alianza kulia kwa hasira. Na mimi? Moyo wangu uliruka kwa furaha! Kwa miaka minne hakuna mtu aliyenikasirikia. Nikiwatukana, wanasema, "Muache, ni muzee." Nikimwaga maziwa, "Muache." Mtu anayesamehewa kila kitu kabla hajaomba, huyo wamekwisha kumzika. Na huyu Papa Hangi alinikasirikia kama mtu mzima! Nikasimama, nikasema, "Nitapanda. Kesho asubuhi."

Nilipanda siku sita. Siku ya kwanza nililia kati ya matuta, siwafichi. Goti liliwaka moto. Nilimwambia Bwana, sikukuomba hivi, niliomba uniinue, si uniinamishe! Papa Hangi alikuwa ameketi kwenye gogo pembeni, na badala ya kunihurumia ananisahihisha.

"Mama Esperance, shimo hii ni ya maharagi ao ni ya kuzika mbuzi?"

"Papa Hangi, kama unajua sana, shuka upande weye."

Hakushuka, yule mtu. Lakini siku ya tatu goti lilizoea mteremko. Siku ya nne nilisahau fimbo nyumbani, sikuikumbuka mpaka adhuhuri. Siku ya tano nikasikia kitu kinapita juu ya kichwa changu, fyuu! Kilikuwa kifuniko changu. Papa Hangi alikuwa amekificha chini ya gogo tangu siku ile. Kilipita shamba lote, kikaanguka upande wa barabara. Nikamwangalia. Akaangalia mawinguni kama mtu asiyejua habari.

"Nilikuwa nataka kuona tu vile kinarukaka," akasema.

Halafu akaniambia, sauti ya chini, kwamba watoto wake nao wamemnyang'anya jembe. Lile alilokuwa nalo begani siku ya ng'ombe alikuwa ameliiba mwenyewe nyumbani kwake. Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye maharage niliyopanda.

Kutoka hapo, ndugu zangu, kila Jumamosi tuko kwenye nguzo za Mwalimu Patrice, wazee wawili, na vijana wanatuachia zamu bila kuombwa, maana wanataka kuona. Wao wanatupa mbali, msituni. Mimi natupa karibu, natupa karibu tena, tena, na cheni zinalia. Nikishuka mteremko nashuka kwa ubavu, hatua moja moja, na anayeniharakisha namwambia anyamaze. Napumua. Nalala vizuri. Maneno mabaya yamenipungua, mke wa Innocent ni shahidi, mtazameni anavyotikisa kichwa. Sijui kama anakubali ao anakataa, lakini anacheka.

Wala msifikiri yote ni raha. Upepo wa kilima hiki hauna adabu. Ng'ombe wangu hadi leo wakiona kitu cha duara kinaruka wanaanza mbio, basi Jumamosi ni lazima niwafunge, nao wanalia kama watu wanaosikia wenzao kwenye arusi. Na Papa Hangi ananishinda! Jumamosi tatu mfululizo, kwa mtupo mmoja, halafu anatangaza kwenye chemchemi kwa kila mtu anayeteka maji. Shemasi, unanisikia huko mbele? Kujisifu ni dhambi!

Namshukuru Mungu. Sikumwomba jirani mkali, akanipa. Aliona nahitaji mtu wa kuniambia, "Ulikosea, simama utengeneze," naye akamtuma, na akatumia kifuniko cha ndoo kwa sababu hakukuta kitu kingine mkononi mwangu. Wewe mzee uliyekalishwa, uliyeambiwa kazi yako ni kungoja, mtumaini Bwana. Hajamaliza na wewe. Pengine hatakuondolea maumivu, mimi hakuniondolea, lakini atakuinua pamoja na maumivu yako. Njoo Jumamosi. Ukija na goti lako bovu, utakuta langu linakungoja pale.

Na ninyi watoto, nimewasamehe. Mlinipenda, najua. Mkimwona mama yenu anasimama, mwulizeni anakwenda wapi, halafu mpisheni.

Nimemaliza. Bwana awabariki. Innocent, mwanangu, nakuona umeanza kusimama uje unishike mkono kwenye hizi ngazi.

Ikala. Nitashuka mwenyewe.