Mwalimu Pua na Ndege Iliyogoma Kuinama

Ijumaa hii, tarehe 30, Mwalimu Pua anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha chuoni kwetu habari za ndege za abiria zilizokwenda kasi kuliko sauti. Mimi ni seremala wa karakana, yule mnayemwita Mjomba. Nimepewa kalamu kwa sababu hakuna anayemjua kunishinda.

Jina la Pua lilitokana na ndege zenyewe. Zilikuwa na pua ndefu, na wakati wa kutua ilishushwa ili rubani aone njia. Mwalimu alitaka mfano wa mbao. Nikamchongea wa mita tatu, pua inainama kwa bawaba, laini mpaka nzi akitua anateleza. Mmoja nilimwona kwa macho yangu akivunjika mguu.

Kueleza mlipuko wa sauti, ule mshindo unaosikika ndege ikiipita sauti, alipasua mfuko wa karatasi darasani. Katibu muhtasi, vyumba vitatu mbele, aliingia chini ya meza, akatoka akitaka kujua kulikoni. Akaelezwa saa nzima.

Kisha wakaja wakaguzi kulifuta somo. Ndege zenyewe hazirushwi tena, vijana wasome ya nini? Mwalimu akaomba kipindi kimoja tu. Siku hiyo pua ikagoma. Mtu alikuwa ameipaka vanishi jana yake ili ing'ae mbele ya wageni, ikakaukia kwenye bawaba.

Mwalimu hakutafuta mchawi. Alimketisha mkaguzi mkuu nyuma ya pua, akamwambia yeye ndiye rubani, ana abiria mia, mafuta yanakwisha na njia haioni, darasa limsaidie. Darasa likachemka. Huyu anataka vioo vya pembeni, yule anamtuma mzee wa watu achungulie dirishani, na binti mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza kwa nini ndege isifungwe kamera. Kengele ikalia, mkaguzi hataki kushuka.

Somo likabaki. Binti yule ndiye atakayelifundisha kuanzia Jumatatu.

Mkuu wa chuo alipouliza nani alipaka vanishi, Mwalimu alisema ni yeye. Miaka kumi na minne anataniwa nayo kila mahafali, na hajawahi kunitazama vibaya. Leo naandika: ni mimi. Tena nilipaka mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine.

Asante, kaka. Tunakuombea afya, na siku ndefu zisizo na kengele. Bawaba nimeitia mafuta. Ijumaa ukitoka mlangoni, pua itakuinamia.